Uzi: 1,5 si "mita moja na tano". Desimita tuliyoiacha shuleni inatukatia mbao vibaya hapa Goma

fundi_majengo

Wapendwa, habari za jioni. Mimi ni seremala hapa Goma, upande wa Majengo, na huu ni mwaka wangu wa kumi na nne katika kazi. Naanzisha uzi huu kwa sababu ya virgili moja, ile alama ya mkato kwenye namba, iliyonila vipande vinne vya mbao ya libuyu. Naomba tuujadili kwa dhati, maana naamini jambo hili linawapata wengi na wananyamaza.

Wiki jana mama mmoja alikuja kuagiza kitanda. Godoro alikuwa keshanunua, kwa hiyo alileta vipimo vyake kwenye kikaratasi: 1,5 kwa 1,9. Nikampa kijana wangu anayejifunza kazi, mimi nikaenda Ndosho kuangalia mbao zilizoshuka. Niliporudi jioni nikakuta vipande vya kichwani na vya miguuni vimekatwa, vimepigwa randa, vimeegemezwa ukutani. Kazi safi kabisa. Nikavuta metre yangu: mita 1 na sentimita 5. Cha pili, vilevile. Vyote vinne vilipungua sentimita 45, na mbao iliyokatwa fupi haina dawa. Nilishukuru kwamba za ubavuni alikuwa hajazigusa, kwa sababu kwa hesabu yake zingetoka mita 1 na sentimita 9, na yule mama angepelekewa kitanda cha mtoto.

Sikumgombeza. Nilimwomba anioneshe alivyopima. Akaweka ukucha kwenye 100, halafu akahesabu vistari kwenda mbele: moja, mbili, tatu, nne, tano. "Patron, si ndiyo mita moja, virgili, tano?"

Hapo nilikaa kimya muda mrefu. Kosa lake lina akili ndani yake. Kwake virgili ni ukuta: upande huu wanakaa mita, upande ule wanakaa sentimita. Na sisi wakubwa ndio tuliomfundisha hivyo bila kujua. Kila siku ananisikia nikisoma 1,50 "mita moja na hamsini", 2,10 "mita mbili na kumi". Tarakimu zikiwa mbili baada ya virgili, usomaji huo unatoka sawasawa, kwa sababu mbili zinafika hasa kwenye sentimita. Ikibaki tarakimu moja, au zikiwa tatu, unakuangusha.

Tarakimu ya kwanza baada ya virgili si sentimita. Ni desimita. 1,5 ni mita 1 na desimita 5, na desimita 5 ni sentimita 50. Lakini nani hapa Goma amesikia mtu dukani akisema desimita? Tumeiimba sote shuleni, kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita, halafu tulipotoka darasani tukaitupa desimita. Nyumba yake ikabaki tupu, na mtu akiona tarakimu humo anadhani ni ya jirani.

Tangu siku ile kwangu nimeweka utaratibu. Karatasi ya kukatia inaandikwa kwa milimita tupu, bila virgili hata moja: 1500, 1900, 2100. Na mtu akikutamkia "tano" bila jina, unamuuliza hapo hapo: tano ya nini?

Naomba masoni (waashi), walimu, wafanyabiashara, mnaokutana na vipimo kila siku, mniambie kwenu mambo yakoje.

masoni_ndosho

Pole sana, fundi. Libuyu si mbao ya kuchezea siku hizi.

Hilo swali la "tano ya nini" mimi ningeliandika kwenye ukuta wa kila shantie, kila mahali pa ujenzi. Kwetu tatizo linaitwa kumi. Feri ya kumi, yaani nondo, ni milimita 10, unene wa kidole chembamba. Msumari wa kumi ni sentimita 10, urefu wake. Neno ni lile lile, kipimo kimoja ni mara kumi ya kingine, na hakuna anayetaja jina la kipimo kwa sababu wote tumezoea. Sasa ukichukua kijana mgeni aliyekuja kutafuta kazi ya msaada, ukamwambia "lete ya kumi", atasimama katikati ya shantie na kukutazama. Nimeyaona hayo. Wakubwa wakacheka, na yeye akaona haya kuuliza tena mpaka jioni.

Lakini kuhusu milimita tupu sikubaliani nawe moja kwa moja. Kwenye karatasi, sawa. Ila mimi niko juu ya kiunzi, upepo wa ziwa unapiga, mwenzangu yuko chini anakata. Nikimpigia kelele "elfu mbili mia moja na tano" atakachosikia ni nusu yake. Nikisema "mbili, kumi na nusu" ananielewa: mita 2, sentimita 10, milimita 5. Kinywa cha shantie kinataka maneno machache.

fundi_majengo

Masoni, hapo una haki, na sikulifikiria la kiunzi. Kwangu mimi tuko ndani, chini ya manjanja (mabati), tunaonana uso kwa uso. Nakubali kuwa kinywa kitumie mita na sentimita. Ila aliye chini arudishe alichosikia kabla ya kushika msumeno. Wewe ukisema "mbili, kumi na nusu", yeye ajibu "milimita 2105". Hapo kosa likiwepo linajitokeza kabla ya kukata.

mwalimu_wa_tano

Nimesoma uzi huu nikasikia kama umeandikwa juu ya darasa langu. Nafundisha darasa la tano, na kila mwaka nakutana na yule yule kijana wa fundi, amekaa dawati la tatu.

Watoto wetu wanafundishwa jedwali. Wanachora mistari, wanaandika km, hm, dam, m, dm, cm, mm, halafu wanaambiwa: "Ukienda kulia sogeza virgili kulia, ukienda kushoto sogeza kushoto." Mtoto anasogeza kama anayesukuma chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha kubebea mizigo, gizani. Siku ya mtihani anapata, mwezi unaofuata amesahau upande wa kwenda. Mimi nimeacha kusema "sogeza". Nasema hivi: kila tarakimu ina nyumba yake na haihami. Anayehama ni wewe unayesoma.

Chukua mlima wetu. Nyiragongo ina mita 3470. Weka kila tarakimu nyumbani kwake: 3 kwa kilomita, 4 kwa hektomita, 7 kwa dekamita, 0 kwa mita. Sasa simama mlangoni mwa kilomita usome: 3,47. Nenda usimame kwa hektomita: 34,7. Kwa dekamita: 347. Ukitaka kusimama kwa sentimita, nyumba mbili za mbele hazina watu, unaziwekea sifuri: 347 000. Mlima haukupanda wala kushuka. Virgili inaonesha tu mlango uliosimama.

Na hii inajibu jambo la kitanda moja kwa moja. Katika 1,5 umesimama mlangoni mwa mita, na 5 yuko nyumba inayofuata mara moja, yaani desimita. Ukitaka kusoma kwa sentimita unatembea nyumba moja zaidi, haina mtu, unaweka sifuri: 150. Mita 1 na sentimita 5 ni hali nyingine, desimita ndiyo tupu: 1,05. Mtoto akiiona sifuri ile kama nyumba isiyo na mtu, hawezi tena kuiruka.

Nyongeza ndogo ya wazee. Kabla ya mita watu wetu walipima kwa mwili: wanda ni upana wa kidole, shibiri ni kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole kidogo ukitanua kiganja, dhiraa ni shibiri mbili, toka kiwiko hadi ncha za vidole, na pima ni mikono yote miwili imetanuliwa, dhiraa nne. Shibiri ya mtu mzima ni sentimita 20 na kitu, kwa hiyo ni kama desimita mbili. Mimi ndiyo naitumia kuirudisha desimita darasani: nawaambia nusu ya shibiri ya baba. Wanakwenda nyumbani kumshika baba mkono na rula. Na zile sentimita 45 zilizopotea kwenye kitanda cha fundi ni dhiraa nzima! Mtu wa zamani asingekosea dhiraa nzima, angeiona kwa mkono wake mwenyewe. Kijana asipojua kupima kwa mwili wala hajui nyumba za tarakimu, hana kitu cha kumstua.

mama_birere

Mwalimu, Mungu akubariki, hiyo ya kusimama mlangoni nimeielewa mimi niliyetoka shule zamani.

Mimi nauza vitenge na vitambaa vya mapazia Birere. Kwanza jueni kwamba kwetu mita imeingia nusu tu. Kitenge tunauza kwa pièce, na pièce ni yadi 6. Yadi moja ni sentimita 91 na kidogo, kwa hiyo pièce nzima ni mita 5 na sentimita 49 hivi, haifiki 5,5. Mteja anayetaka "mita sita za kushona" ukimpa pièce moja, fundi cherehani atamwambia pungufu ya nusu mita, na atarudi kwangu akidhani nimemwibia. Siku hizi namwambia kabla hajafungua mkoba wake.

Ila kilichonipata mimi ni nukta. Sisi tulifundishwa virgili kwa sehemu ndogo, na nukta tunaweka kwenye maelfu: 1.400 ni elfu moja na mia nne. Wenzetu wa Uganda na wengine wanaotumia Kiingereza wanaandika kinyume, nukta ndiyo virgili yao. Nikaletewa mizigo ya kitambaa cha pazia, karatasi imeandikwa 1.400 m. Nikafurahi, nikamwambia dada yangu kuna kosa, wametuma mita elfu moja na mia nne kwa bei ya bure. Tulikuwa tumeanza kugawana kwa maneno. Kumbe ni upana wa kitambaa: mita 1 na sentimita 40! Kuanzia siku ile karatasi ikifika nauliza kwanza imeandikwa na nani, wa huku au wa kule, ndipo naisoma. Na mashine ya hesabu ya kwenye simu nayo mara nyingi inaandika kwa nukta, vijana wananakili jinsi ilivyo kwenye daftari la virgili. Angalieni sana hapo.

kijana_himbi

Shikamooni wote. Nina swali, na naomba msinicheke. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anataka kuweka karo (vigae) sebuleni. Chumba ni mita 4 kwa mita 3,6, karo ni za 40 kwa 40. Nimefanya hivi: 4 × 3,6 = 14,4. Nikabadilisha iwe sentimita, mara mia, nikapata 1440. Karo moja ni 40 × 40 = 1600. Sasa 1440 ni ndogo kuliko 1600, maana yake chumba kizima hakitoshi karo moja. Najua si kweli, lakini sioni nimekosea wapi. Nimeangalia tangu asubuhi.

masoni_ndosho

Mdogo wangu, hakuna wa kukucheka. Umefanya jambo la maana kuliko wengi: umeona jibu halifanani na chumba ukasimama. Wengine wangekwenda kununua.

Njia ya masoni kwanza, ili yaya aende dukani. Badilisha urefu kabla ya kuzidisha. Mita 4 ni sentimita 400, gawa kwa 40, karo 10. Mita 3,6 ni sentimita 360, gawa kwa 40, karo 9. Kumi mara tisa, 90. Na anunue zaidi kidogo, maana zipo zitakazovunjika na zipo za kukata mlangoni.

Kwa nini hesabu yako ilikataa, mwalimu atakueleza vizuri kuliko mimi.

mwalimu_wa_tano

Kijana, 14,4 yako haikuwa tena mita. Ilikuwa mita mraba. Chukua mraba mmoja wa mita 1 kwa mita 1, uweke sakafuni. Ubavu mmoja una sentimita 100, na ubavu wa pili una sentimita 100. Vimiraba vidogo vya sentimita moja vilivyomo ndani ni 100 mara 100, yaani 10 000. Wewe ulizidisha kwa mia mara moja tu, ukabadilisha ubavu mmoja ukauacha wa pili. Fanya tena: 14,4 mara 10 000 ni 144 000. Gawa kwa 1600. Ni 90, zile zile za masoni.

Kwenye jedwali la mita mraba kila nyumba ina vyumba viwili, kwa hiyo kila hatua ni tarakimu mbili. Ukiingia kwenye mita ya ujazo, vyumba vitatu.

mpima_parseli

Nimekuwa nasoma tu, lakini mwalimu alipogusa mita mraba nimeona niingie, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteza ardhi, si mbao.

Fundi amesema desimita imetupwa. Dekamita nayo watu wanadhani imekufa. Fungua hati ya parseli yako, ya kiwanja chako, uisome. Utakuta imeandikwa ares na centiares, kwa mfano ares 3, centiares 60. Are moja ni mraba wa dekamita 1 kwa dekamita 1, yaani mita 10 kwa 10, mita mraba 100. Centiare ni mita mraba 1. Kwa hiyo 3 na 60 ni mita mraba 360, kwa mfano parseli ya mita 15 kwa 24. Na hekta ni mraba wa hektomita, mita 100 kwa 100, ares 100. Zile nyumba mbili ambazo hakuna anayezitaja mtaani, hektomita na dekamita, ndizo zinazoshika mashamba yetu yote kwenye karatasi.

Hata ile kamba ndefu ya kupimia, Kifaransa kinaiita décamètre, kwa sababu ya kwanza ilikuwa ya mita 10. Leo ninayo ya 50 na bado naiita hivyo.

Sasa kosa ninalokutana nalo. Mzee ana karatasi ya ares 3 na 6. Anasoma 3,6, anadhani ni mita mraba 360. Si hivyo: centiares 6 ni mita mraba 6 tu, jumla 306. Ni kosa lile lile la kitanda, limegeuzwa. Hapa kila nyumba ina vyumba viwili, kwa hiyo ares 3 na centiares 6 huandikwa 3,06. Tofauti ni mita mraba 54, na mita mraba 54 ni nyumba ya mtu na jiko lake. Nimeona majirani wawili waliokula sahani moja miaka yote hawasalimiani kwa ajili ya sifuri hiyo. Nawasihi, mkiandikiana mkataba wa parseli andikeni urefu wa kila upande kwa mita, pamoja na eneo lote kwa mita mraba, mbali na ares. Mtu akibisha, kamba itavutwa.

kijana_himbi

Asanteni sana, nimempa yaya hesabu ya 90 na amefurahi. Mwalimu, niulize jambo moja tu nje ya karo. Nani alikaa akaamua kila hatua iwe kumi? Na mita yenyewe ilitoka wapi, kwa nini isiwe ndefu kidogo au fupi kidogo?

mwalimu_wa_tano

Swali zuri, na jibu lake linapita karibu nasi kuliko unavyodhani.

Ufaransa ya zamani ilikuwa na vipimo visivyohesabika, mji huu na wake, kijiji kile na chake, na jina moja likiwa na urefu tofauti kwa kila bwana. Baada ya Mapinduzi waliamua kutafuta kipimo kisicho cha mfalme wala cha mji wowote. Wakakichukua kutoka kwenye dunia yenyewe: umbali toka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta, ugawanywe mara milioni kumi, sehemu moja ndiyo mita. Mwaka 1792 wanasayansi wawili, Delambre na Méchain, walitumwa kupima kipande cha mstari huo toka Dunkerque hadi Barcelona. Walidhani kazi itakuwa fupi, ikawachukua miaka kama sita, kwa sababu nchi ilikuwa vitani na wenyeji waliwashuku watu wanaopanda minara na vyombo vya kutazamia. Mwaka 1799 mita ya platini iliwekwa kwenye hifadhi ya taifa. Baadaye vipimo bora vilionesha imetoka fupi kwa milimita 0,2 hivi. Hawakuibadilisha, nchi nyingi zilikuwa zimeanza kuitumia. Tangu 1983 mita haitegemei tena dunia wala platini: ni umbali unaokatwa na mwanga katika sehemu moja ya 299 792 458 ya sekunde.

Na majina: yanayokuza, deka, hekto, kilo, yametoka Kigiriki, ni kumi, mia, elfu. Yanayopunguza, desi, senti, mili, yametoka Kilatini, nayo ni kumi, mia, elfu. Ukilijua hilo hutachanganya tena dekamita na desimita.

Sasa njoo kwetu. Ikweta inapita hapa hapa Kivu Kaskazini, kati ya Butembo na Lubero. Kwa mpango wa wale watu, kutoka hapo hadi Ncha ya Kaskazini ni mita milioni 10, yaani kilomita 10 000. Digrii ziko 90, basi kila digrii ni kilomita 111 na kidogo. Goma iko kusini kwa digrii 1 na theluthi mbili. Zidisha: kama kilomita 185 kutoka mstari wa Ikweta, ukipaa kama ndege bila kufuata kona za barabara. Mwaka huu niliwapa ya tano hesabu hiyo. Mmoja aliinua mkono akauliza: basi mita ni mtoto wa barabara ya Butembo? Nikamjibu kwamba upande mmoja, ndiyo.

mama_birere

Hiyo ya Butembo nitawaambia wateja wangu Wanande, watu wa huko, kesho asubuhi. Watapandisha bei!

Masoni, nisaidie na manjanja. Nataka kufunika upya nyuma ya duka. Muuzaji mmoja ananiambia BG 28, mwingine BG 32, na wa 32 ni rahisi zaidi. Mimi nilidhani 32 ni nene kuliko 28.

masoni_ndosho

Hapana, mama, ni kinyume. BG si milimita, ni namba ya zamani ya Waingereza, na namba ikipanda bati linakuwa jembamba. BG 28 ni kama milimita 0,4. BG 32 ni kama milimita 0,25. Ndiyo maana ni rahisi. Usitishwe na sifuri: 0,4 ukishuka nyumba tatu baada ya milimita unafika mikromita, inakuwa 400, na ile nyingine 250. Hapo unaona wazi kwamba ya pili inazidi kidogo tu nusu ya ile ya kwanza. Kwa mvua ya mawe ya huku, na kutu, mimi ningekuambia chukua 28. Na ukifika dukani usimwulize namba, mwombe unene kwa milimita. Akikataa kusema, bonyeza bati kwa gumba katikati ya mawimbi, utalisikia lenyewe.

fundi_majengo

Nimerudi. Nimemsomea kijana wangu uzi wote tukiwa tumekaa juu ya vipande vile vile vinne. Ile ya nyumba imemwingia. Alichukua mkaa akachora jedwali la mwalimu kwenye mlango wa karakana, na sasa kila kipimo kinachoingia anakipitisha pale kwanza.

Nilitaka pia niwaoneshe kwamba desimita hatukuitupa kabisa, tumeisahau jina. Chukua bidoni ya njano ya maji, ya lita 20. Lita moja ni mchemraba wa desimita 1 kila upande, sentimita 10 kwa 10 kwa 10. Kwa hiyo kila asubuhi mtoto anayetoka ziwani na bidoni kichwani amebeba desimita 20 za ujazo. Mita moja ya ujazo ni lita 1000, ni bidoni 50. Masoni akikujengea tangi la mita 2 kwa 1,5 kwa kina cha mita 1, ni mita 3 za ujazo, bidoni 150. Lakini akisoma ile 1,5 kama alivyosoma kijana wangu, atakujengea la 2 kwa 1,05, yaani lita 2100. Bidoni 45 zimepotea, na siku maji yakikatika utazihesabu moja moja.

Jambo moja la mkono pia, kwa wanaoanza. Ile ndoano ya chuma kwenye ncha ya metre inacheza, inakwenda mbele na nyuma. Kijana wangu aliigonga nyundo isicheze, akidhani imelegea. Msifanye hivyo. Inacheza kwa makusudi, kiasi cha unene wake yenyewe: ukiivuta kwenye ukingo wa mbao inatoka, ukiisukuma ndani ya kona inaingia, na sifuri inabaki mahali pake. Ukiigonga ikaganda, kila kipimo cha upande mmoja kitakosea milimita moja hivi. Kwenye chaga ya kitanda haitaonekana. Kwenye mlango wa kabati utaisikia ikikwaruza.

Yule mama wa kitanda nilimweleza yote. Aliniongezea siku nne, na kuanzia leo karatasi yake tumeiandika upya pamoja: 1500 kwa 1900, milimita. Vipande vifupi nimevitunza, vitanitolea stuli.

masoni_ndosho

Vizuri, fundi. Basi nami nikuletee kazi, maana nimekuamini. Nina nyumba Kyeshero inataka milango miwili. Urefu 2100, upana 900.

fundi_majengo

Nimepokea, masoni. Milimita 2100 kwa milimita 900, milango miwili. Hiyo 900 ni upana wa ubao wa mlango, au ni nafasi ya ukutani pamoja na kadre (fremu)?

masoni_ndosho

Ni ya ukutani. Ni vizuri umeuliza.